Mwalimu, huyo ni mbuzi au meza?

SWALI

Nakusalimu kutoka Kisumu, Mwalimu. Nimeisoma safu hii kwa miaka mingi, watu wakilia kuhusu wakwe na mikopo ya chama, nikajiambia mimi sina shida ya kuandikia. Sasa ninayo, na naona haya kuitaja kwa sababu ni jambo la penseli.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya umma upande wa Nyalenda. Nina miaka 40, watoto watatu, na huu ni mwaka wangu wa 14 kazini. Nafundisha Gredi ya Nne, wanafunzi 64 katika chumba kimoja. Hisabati, Kiswahili, Sayansi, huko sina wasiwasi. Tatizo langu ni sanaa. Sijui kuchora. Wala usidhani najishusha ili nisifiwe, sijui kabisa.

Muhula uliopita nilikuwa na kipindi cha wanyama wa nyumbani, nikaamua nichore mbuzi ubaoni. Nilikuwa nimejizoeza usiku kwenye meza ya jikoni, watoto wangu wakiwa wamelala. Nilipomaliza, msichana wa dawati la mbele akainua mkono, kwa heshima zote, akauliza, "Mwalimu, huyo ni mbuzi au meza?" Darasa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, lakini cha meno tu. Siku hizi nina jina la pili, Mwalimu Meza. Nalisikia likinong'onwa nikipita varandani.

Tangu hapo natafuta vichochoro. Napiga picha ukurasa wa kitabu, nachapisha, nabandika ubaoni, nawaambia wanakili. Au natoa kazi ya kufanyia nyumbani, na hiyo nayo ni sinema nyingine. Jumatatu naletewa twiga mwenye kivuli na kope, kazi ya mjomba fulani anayeandika mabango ya hoteli. Mwingine analeta ya kuchapishwa saiba, na pembeni anwani ya tovuti haijakatwa. Wote nawapa alama. Nitawakatalia kwa mdomo gani?

Nadhani najua aibu hii ilikotoka. Nikiwa Darasa la Nne nilichora kuku na vifaranga nyuma ya daftari langu la hesabu. Nilimpenda yule kuku. Mwalimu akamwona, akaliinua daftari juu, akatembea nalo kati ya madawati akiuliza ni nani amewahi kuona kuku mwenye macho mawili upande mmoja. Sikuchapwa. Afadhali ningechapwa yakaisha. Sikuchora tena hadi nilipopewa somo hili nifundishe.

Sasa nimebanwa pande mbili. Mwalimu mkuu wetu amesikia kwamba huko Uingereza kuna tamasha la kuchora kila Oktoba, shule na watu wa kawaida wote wanachora, akapendezwa. Anataka nasi tuwe na Siku ya Kuchora, tuiunganishe na siku ya wazazi, na mwandalizi niwe mimi. Anataka mashindano: mshindi mmoja apewe mkoba wa shule na mgeni wa heshima, picha zipigwe. Wazazi nao wananung'unika. Manila tena, krayoni tena, na mtoto hajui kugawanya kwa tarakimu mbili. Mmoja aliniambia mbele ya watu kwamba hakumleta mtoto shuleni ajifunze kuchorachora. Kuchorachora alikuja akijua, niende nikaone ukuta wa sebule yake.

La pili ndilo linaloniuma. Darasani nina kijana anayechora kutwa. Boda boda tu. Pikipiki yenye abiria watatu, pikipiki imebeba kitanda, pikipiki na mama aliyekumbatia kuku, pikipiki ikikimbizwa na askari. Hesabu hafanyi. Wiki mbili zilizopita nilikuwa katikati ya somo la sehemu, nikamkuta ameinamia mchoro wake. Niliuchana mbele ya wenzake. Hakulia. Alifunga daftari, na tangu siku ile hachori. Wala hesabu hafanyi. Anakaa tu akiangalia dirisha.

Vile vipande viwili nilivitoa kwenye pipa la takataka baada ya kengele. Viko mkobani mwangu hadi leo. Gurudumu la nyuma lilikuwa na spoki zote, nikazihesabu: 36.

Nimwambie mwalimu mkuu amtafute mwingine? Mtu anaweza kufundisha asichokijua? Na yule kijana nimwambie nini?

Mwalimu Meza,
Kisumu.

JIBU

Mwalimu mwenzangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, uniwie radhi. Nilishika chaki miaka 31 hapa Nakuru kabla ya kustaafu, na mbuzi wangu wa kwanza ubaoni alikuwa sofa. Kwa hiyo tuko ukoo mmoja wa fanicha.

Kazi hiyo usiirudishe. Katika shule nzima huenda wewe ndiye unayeifaa, na sisemi hivyo kukupoza.

Fikiria watoto wanavyoanza kuchora. Anayekaribia miaka miwili hukwaruza tu, furaha yake ni kuona penseli imeacha alama. Akifika mitatu au minne anakuchorea mtu: kichwa, na miguu imechomoza kichwani, tumbo halipo. Kwenye sita au saba, ardhi inakuwa mstari chini ya karatasi, mbingu ukanda wa buluu juu, jua kwenye pembe, na mama amekuwa mrefu kuliko nyumba kwa sababu mama ni mkubwa kuliko nyumba. Hakuna anayewafundisha haya. Viktor Lowenfeld, Mwaustria aliyehamia Marekani akawa mwalimu wa walimu wa sanaa, alizieleza hatua hizi kwa kirefu mwaka 1947, na yeyote aliyelea watoto atazitambua.

Halafu inakuja miaka tisa, kumi. Hapo mtoto anataka mbuzi afanane na mbuzi. Anachungulia kwa jirani, analinganisha, anafuta mpaka karatasi inatoboka. Jicho limekimbia, mkono umebaki nyuma. Wengi wetu tuliacha kuchora papo hapo, tukasema hatuna kipaji, na mkono wetu ukabaki na umri ule ule. Ndiyo maana ukimpa meneja wa benki penseli umwambie achore mtu, utaletewa mtu wa mtoto wa Darasa la Nne.

Wewe ulikatiziwa Darasa la Nne, tena kwa kicheko. Kwa hiyo una miaka 40 ya kuzaliwa na kumi ya kuchora. Na wanafunzi wako wana mingapi? Mmekuwa rika moja, Mwalimu. Wao wamesimama mlangoni pale ulipogeuzwa wewe, na hujasahau mlango ule unavyofanana. Mchoraji hodari hawezi kuwafahamu hivyo. Yeye alipita bila kujikwaa.

Na yule kuku wako nimtetee kidogo. Kuku ana macho mawili. Ulichora ulichokijua, si ulichokiona, na kila mtoto hufanya hivyo. Wamisri wa kale walichora uso wa ubavuni wakauwekea jicho la mbele, wakaendelea hivyo kwa maelfu ya miaka, na hakuna aliyewapitisha kati ya madawati.

Kosa hilo hilo ndilo lililokuzalia meza. Uliposimama ubaoni hukuwa na mbuzi mbele yako, ulikuwa na neno "mbuzi", na neno hilo kichwani ni sanduku lenye miguu minne. Mafunzo yote ya mwanzo ya kuchora ni ujanja wa kulinyamazisha neno ili jicho lifanye kazi.

Jaribu huu leo usiku kabla ya kuupeleka darasani. Vua kiatu kimoja, kiweke mezani. Elekeza penseli kwenye karatasi, kisha usiitazame karatasi tena. Tazama ukingo wa kiatu kana kwamba sisimizi anatembea juu yake: anapanda kisigino, anaingia kwenye mkunjo, anazunguka tundu la kamba. Mkono umfuate kwa mwendo ule ule wa pole. Dakika tano, kimya. Utakapotazama utakuta kitu kilichopinda, mwanzo na mwisho havikukutana. Lakini chunguza mistari. Kuna mahali, labda kwenye mkunjo wa ngozi, mstari umetetemeka sawasawa na kiatu chenyewe. Hapo uliona.

Uzuri wa zoezi hili ni kwamba kila mtu hutoa kitu kibaya. Mjomba wa mabango naye atatoa kibaya. Darasa la watu 64 likifanya hivyo pamoja, hakuna wa kuchekwa, maana wote wamechekesha.

La pili, chora meza. Sitanii. Ila usichore miguu yake, chora hewa. Kati ya mguu huu na ule kuna umbo. Kati ya ubao wa juu na sakafu kuna umbo. Chora hayo maumbo ya utupu, meza itajitokeza yenyewe bila kuombwa. Neno "meza" halijui chochote kuhusu hewa, kwa hiyo linanyamaza. Na siku ukilazimika kunakilisha picha kutoka kitabuni, ibandike kichwa chini. Watoto watanakili mistari badala ya kunakili jina la mnyama, na utashangaa.

Mimi nilianza hivyo baada ya kustaafu, nikiwa nachora miti iliyokufa kwenye Ziwa Nakuru. Maji yalipopanda yaliifunika migunga ya ufukweni ikafia pale imesimama, uchi, bila jani. Watalii wanasikitika. Kwa mwanafunzi wa kuchora ni neema. Jani moja tu lina kazi ya asubuhi nzima.

Mbuzi sasa. Mlete mbuzi mwenyewe. Nyalenda hamkosi wa kuazima. Mfunge kwenye kivuli, watoto wakae duara, nawe ukae nao chini na ubao wako magotini, uchore wakikuona. Waambie waziwazi: nilipokuwa na umri wenu niliachishwa kuchora, najifunza upya pamoja nanyi. Mficha uchi hazai. Jina la Mwalimu Meza litakufa siku utakapolitaja mwenyewe. Pengine hata lisife, libaki la mapenzi. Na mbuzi hatatulia, atageuka na kula karatasi ya mtu. Basi wachore anapogeuka, kila mkao kwa dakika moja, mistari juu ya mistari. Hapo raba haina kazi. Kwa kweli raba zifungie kabatini muhula mzima. Sijaona kifaa kilichoua wachoraji wengi kuliko raba.

Umeuliza kama mtu anaweza kufundisha asichokijua. Kwa somo la kugawanya, hapana. Kwa kuchora, anaweza kufundisha kutazama, mradi naye anatazama. Huyo mwalimu mkuu wako amelisikia tamasha la Uingereza nusunusu, kwa hiyo mpelekee nusu ya pili, itakusaidia kwenye hili la mashindano. Linaitwa The Big Draw, na lilizaliwa na kampeni iliyoanzishwa mwaka 2000 na Guild of St George, chama alichokiunda John Ruskin karne ya 19. Mwaka 2000 ulitimiza miaka mia tangu Ruskin afariki. Huyu bwana alikuwa mchambuzi wa sanaa mwenye jina kubwa, na bado kuanzia 1854 alikuwa akienda kwenye chuo cha wafanyakazi London kuwafundisha mafundi na makarani kuchora. Hakuwa akitafuta wachoraji. Alitaka seremala arudi kwenye useremala wake akiwa anaona zaidi. Na kampeni yenyewe inawalenga hasa watu wanaosema hawajui kuchora. Yaani wewe, na yule mzazi wa ukuta wa sebule.

Ila usimwache mkuu wako afikiri kwamba kuchora kumetoka Ulaya kwa meli. Mwambie avuke maji hadi kisiwa cha Mfangano, huko Homa Bay. Kwenye miamba ya Mawanga na Kwitone kuna miduara nyekundu na nyeupe, mmoja ndani ya mwingine, iliyopakwa na wawindaji wanaosemekana kuwa Watwa kabla ya sisi wengine wote kufika. Kakapel, kaunti ya Busia, kuna mwamba ambao wachoraji wa kale waliuandika, wakaja wafugaji wakachora ng'ombe wao juu ya michoro ile. Hata usiende mbali. Waulize watoto wako ni nani ana nyanya mashambani aliyewahi kukandika nyumba ya udongo kisha akaupamba ukuta kwa vidole, udongo mwekundu, udongo mweupe, jivu. Mikono itainuka. Nyanya huyo hakuwahi kusema hana kipaji, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Nyumba ilihitaji ukuta mzuri, akaupamba.

Umekulia katika kipindi kibaya, na hilo si kosa lako. Wakati wako sanaa ilikuwa kwenye KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, ndiyo, lakini ilikuwa ya kuchagua A, B, C au D. Tuliwafundisha watoto kwamba buluu na manjano huzaa kijani, wakajibu sawasawa, na wengine hawakuwahi kuzichanganya. Mimi mwenyewe niliwapa mazoezi hayo, na nikajivunia wastani wa darasa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaondolewa kwenye mtihani, na kisichotahiniwa hapa kwetu hakifundishwi. Mtaala wa umilisi ulipoanza kote nchini mwaka 2019 ulirudisha sanaa madarasani, lakini walimu waliotoka katika ule ukame ni nyinyi. Usione uko peke yako kwenye ofisi ya walimu. Wengine wamejificha vizuri zaidi tu.

Mashindano nayapinga. Chanda chema huvikwa pete, sawa, lakini mkono una vidole vitano, na wako una 64. Ukimpa mmoja mkoba, umewaambia 63 kwamba walichojishuku ni kweli, tena wakiwa na miaka tisa na kumi, umri ule ule. Mwombe mkuu pesa za mkoba zinunue penseli. Zikibaki, nunua manila nne. Manila moja ukiikunja mara nne unapata vipande 16. Manila nne zinatosha darasa lako lote, kila mtoto kipande chake, na mzazi hatozwi hata shilingi. Kwa mazoezi tumia mgongo wa karatasi za mitihani ya zamani na katoni za dukani. Krayoni achana nazo mwaka huu. Vijiti vyembamba vilivyoungua jikoni ni makaa ya kuchorea mazuri kuliko kalamu nyingi, vinatoa mweusi mzito na kijivu cha kusugua kwa kidole. Na uwanja wa shule ni daftari kubwa. Fimbo moja na udongo mkavu, Gredi ya Kwanza hawahitaji zaidi.

Fanya asubuhi. Unajua mvua ya Oktoba ya Kisumu inavyokuja alasiri bila kubisha hodi.

Wazazi wasiwekwe kwenye viti kama waombolezaji. Mlangoni kila mmoja apewe kipande cha katoni na kijiti, akae mkabala na mtoto wake, wachorane nyuso bila kutazama karatasi, dakika tatu. Yule aliyesema hakumleta mtoto ajifunze kuchorachora mkalishe mbele. Mgeni wa heshima aanze, achore kiatu chake mwenyewe hadharani. Mkuu wako atapata picha nzuri kuliko ya kukabidhi mkoba. Kisha michoro yote iangikwe kwenye kamba kama nguo, ya mgeni katikati ya ya watoto, bila nambari.

Watauliza faida. Usiwajibu kwa hotuba. Tafuta miongoni mwao mzazi anayechomelea mageti, au seremala wa Kibuye, au fundi wa nguo. Mwombe aje na chaki yake, awaonyeshe watoto anavyochora geti sakafuni kabla ya kukata chuma, au bega la koti kabla ya kutia mkasi. Hao wanachora kila siku na hakuna anayewaita wachoraji. Akisimama baba wa mtu na chaki, lile swali la faida litakuwa limejibiwa na mtu ambaye wazazi wenzake wanamwamini.

Kwa anayelilia masomo, unayo hii: mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walichapisha majaribio ambamo watu walipewa maneno, mengine wayaandike, mengine wayachore. Waliyoyachora waliyakumbuka zaidi, na haikujalisha mchoro ulikuwa mzuri au wa hovyo. Kwa hiyo mtoto anayechora ua na sehemu zake anasoma Sayansi, hata kama ua lenyewe limefanana na feni. Nawe wewe usiye mchoraji unaweza kuanza kesho, katika masomo unayoyaweza.

Hao wanaochorewa nyumbani, acha kuwapa kazi ya nyumbani ya kuchora. Basi. Mjomba apumzike.

Sasa kijana wako.

Ulimfanyia ulichofanyiwa. Umelijua hilo tayari, ndiyo maana uliinama kwenye pipa la takataka, na mimi sitakuongezea fimbo. Lakini ulimchania mbele ya wenzake, kwa hiyo umwombe msamaha mbele ya wenzake. Sentensi mbili: nilikosea kuuchana mchoro wako, nisamehe. Usieleze, usiongeze "lakini nawe ulikuwa". Kisha endelea na somo, usingoje akujibu. Na usije ukamgeuza kuwa nyota wa darasa ili kujilipia deni, ukimwita ubaoni kila mara achore. Mtoto aliyekuwa akichora kwa siri yake ataona umemnyang'anya mara ya pili.

Wala usimwekee biashara ya "maliza hesabu ndipo uchore". Hesabu itakuwa kodi, na kodi haipendwi na mtu.

Umeniandikia kwamba ulizihesabu spoki. Nimelirudia hilo neno mara kadhaa. Mtoto wa Gredi ya Nne ameligawa duara katika sehemu 36, wakati wewe ukiwa ubaoni unafundisha sehemu! Nusu ya spoki zile ni 18, theluthi 12, robo tisa, zote zinatoka bila baki. Mbunifu wa vitabu vya kiada hangekutafutia mfano bora. Bila shaka hakujua anafanya hesabu. Alikuwa ametazama tu gurudumu kuliko anavyotazama mtu mwingine yeyote, nami nikiwemo, maana nimepanda pikipiki miaka kumi na sijawahi kuzihesabu.

Kesho chora duara kubwa ubaoni, ulichore vibaya, na umuulize yeye, kutoka ulipo, bila kumwita mbele: gurudumu la boda boda lina spoki ngapi? Akikujibu, liandike jibu lake chini ya duara na uendelee kutoka hapo. Akinyamaza, jibu mwenyewe.

Vile vipande viunge kwa selotepu, upande wa nyuma, taratibu, spoki zikutane. Mpe baada ya kengele, darasa likiwa limetoka. Asipotaka kupokea, usimshikize kwa nguvu. Uweke mchoro ndani ya daftari lake la hesabu, kwenye ukurasa wa sehemu, ulifunge, uende ukanywe chai na wenzako.